Namna ya Kuweka Kumbukumbu Sahihi za Maandamano na Hatua za Vyombo vya Dola

Tarehe 30 Januari 1972, mjini Londonderry, Ireland ya Kaskazini, wanajeshi wa Uingereza waliwafyatulia risasi raia walioandamana kupinga watu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Watu 13 walikufa siku ile na mwingine akafa baadaye kwa majeraha. Uchunguzi wa kwanza, uliomalizika kabla ya miezi mitatu kupita, kwa sehemu kubwa uliwaondolea askari lawama. Familia zilisubiri hadi Juni 2010, miaka 38 baadaye, ndipo tume iliyoongozwa na Lord Saville ilipoeleza kwamba waliopigwa risasi hawakuwa wakihatarisha maisha ya mtu, na Waziri Mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Tume hiyo isingefika pale kama mamia ya watu wasingeeleza walichokiona, na kama picha na maandishi ya siku ile yangekuwa yametupwa.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida anayejikuta dirishani, kando ya barabara au katikati ya umati siku wananchi wanapoingia mitaani kuipinga serikali yao, na ambaye angependa alichokishuhudia kiwe na uzito hata baada ya miaka mingi. Si lazima awe mwandishi wa habari, wala si lazima akubaliane na madai ya waandamanaji. Anachohitaji ni daftari, kalamu, saa anayoiamini, na nidhamu ya kutoandika zaidi ya anachokijua.

Nidhamu hiyo ndiyo sehemu ngumu. Kabla ya kila taarifa unayoiandika, weka moja ya maneno matatu: «nimeona», «nimeambiwa» au «nadhani». Ukimwona askari akiinua bunduki na kusikia mlio, kisha ukamwona kijana akianguka upande wa pili wa barabara, umeona mambo mawili na umesikia moja. Kwamba risasi ya askari yule ndiyo iliyompata kijana yule ni jambo unalolidhani, hata kama moyo wako hauna shaka. Liandike, lakini liandike mahali pake. Shahidi anayekiri mpaka wa macho yake ni vigumu kuvunjwa na wakili wa upande wa pili, ilhali aliyechanganya aliyoyaona na aliyoyasikia huonekana mwongo hata pale aliposema kweli tupu. Kwa aliyekuambia jambo, andika pia yeye alilijuaje: alikuwepo, au naye aliambiwa?

Suala la saa linahitaji uangalifu wa pekee kwetu sisi tunaoandika Kiswahili. «Saa tisa» ya mzungumzaji ni alasiri, lakini simu yake inaonyesha 15:00, na mtu mwingine akiisoma «saa 9» katika daftari lako anaweza kudhani ni asubuhi. Chagua mfumo mmoja, uandike juu ya ukurasa wa kwanza, na usiuache. Mimi hupendelea kuandika namba kama zilivyo kwenye simu, kwa sababu picha na video nazo huhifadhi saa hiyohiyo na baadaye zitalinganishwa. Andika pia mahali uliposimama, umbali wa kukadiria kutoka kwenye tukio, na kilichokuzuia kuona: moshi, ukuta, giza, au mabango.

Yapo pia maneno ya kuyaepuka, na hapa lugha yetu ina mtego wake. Tumezoea kusikia kwamba «vurugu zilizuka», «risasi zilisikika», «hali ya taharuki ilitanda» na «mtu mmoja alipoteza maisha». Sentensi hizo hazina mtendaji. Vurugu hazizuki kama uyoga. Kuna aliyerusha jiwe la kwanza, au aliyerusha bomu la machozi la kwanza, na mpangilio wa matendo hayo mawili ndio mara nyingi unaobishaniwa mahakamani. Kwa hiyo andika nani alifanya nini kwa nani, na kama hukumwona mtendaji, sema wazi kwamba hukumwona. «Saa 15:20 nimeona askari kama ishirini wenye ngao wakisogea kutoka mashariki, sikusikia tangazo lolote la kuwataka watu watawanyike, saa 15:22 mabomu matatu ya machozi yakaangukia mbele ya umati, kabla ya hapo sikuona jiwe likirushwa, ila nilikuwa nyuma» ni maelezo yenye thamani kuliko kurasa mbili za hasira. Waandamanaji wakichoma gari au wakivunja duka, andika hivyohivyo, kwa usahihi uleule. Kumbukumbu inayoficha makosa ya upande mmoja haitaaminiwa itakapotaja makosa ya upande mwingine, na wenye kuumia kwa hilo ni walioonewa.

Ili ujue cha kutazama, ni vyema kufahamu kanuni ambazo vyombo vya dola vinapimwa nazo. Ibara ya 21 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inalinda haki ya kukusanyika kwa amani. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla namba 37 ya mwaka 2020, ilieleza kwamba kukosa kutoa taarifa kwa mamlaka hakuufanyi mkusanyiko kuwa haramu kwa sababu hiyo pekee, na kwamba vitendo vya fujo vya wachache havipaswi kubebeshwa wengine waliotulia. Kamati hiyohiyo inatambua nafasi ya waangalizi na wanahabari, hata pale mkusanyiko unapotangazwa kuwa haramu au unapotawanywa. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Matumizi ya Nguvu na Silaha za Moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinaruhusu kuua kwa makusudi pale tu ambapo hakuna kabisa njia nyingine ya kuokoa uhai.

Kutokana na kanuni hizo yanapatikana maswali ya daftari lako. Je, kulikuwa na onyo, na lilisikika mahali ulipokuwa? Je, watu walibakishiwa njia ya kuondokea, au barabara zilifungwa pande zote kabla ya moshi kurushwa? Mabomu ya machozi yalirushwa juu yakadondoka, au yalifyatuliwa moja kwa moja kuelekea miili ya watu? Risasi za mpira zinatakiwa kulenga sehemu ya chini ya mwili. Ukiona majeraha ya macho na vichwa, yahesabu na uyaandike. Je, askari walikuwa na namba au majina kwenye sare, walificha nyuso, au hawakuwa na sare kabisa? Ukikuta ganda la risasi, lipige picha likiwa palepale, ukiweka kando yake sarafu au kalamu ili ukubwa uonekane, kisha picha nyingine ya mbali inayoonyesha jengo au kibao kinachotambulika. Usilichukue: ukiliondoa, umeharibu ushahidi na umejitafutia shida.

Idadi ya waandamanaji huzua ubishi mwingi kuliko inavyostahili. Kwa umati uliosimama, tumia njia iliyobuniwa miaka ya 1960 na Herbert Jacobs, mwalimu wa uandishi wa habari huko Berkeley, Marekani: kadiria eneo, kisha zidisha kwa msongamano. Watu wakiwa wametawanyika ni takriban mmoja kwa kila mita ya mraba. Wakiwa wamekaribiana ni kama wawili na nusu. Wakiwa wamebanana ni wanne hivi. Kwa msafara unaotembea, simama mahali pamoja na uhesabu wanaopita kwa dakika moja, ukirudia kila baada ya dakika kumi. Toa kadirio la chini na la juu.

Idadi ya waliokufa ni jambo jingine, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka hata kidogo. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha nchini Kenya, Rais William Ruto alitaja vifo 19 katika mahojiano ya tarehe 30 Juni. Siku iliyofuata Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo ikatoa idadi ya 39. Tofauti kama hiyo haimaliziki kwa kuchagua namba inayokupendeza. Inabidi uulize kila mmoja amehesabu kuanzia tarehe ipi, katika maeneo yapi, na kwa kutegemea nani: hospitali, vyumba vya kuhifadhia maiti, familia, au ripoti za polisi. Ukitengeneza orodha yako, anza na watu, si namba. Kila mtu awe na mstari wake wenye umri, mahali alipojeruhiwa, saa, aina ya jeraha kama ilivyoelezwa na aliyeuona mwili, na chanzo cha taarifa. Usijumlishe orodha mbili kabla ya kulinganisha mstari kwa mstari, kwa maana marehemu mmoja anaweza kuandikwa kwa jina la ukoo upande mmoja na kwa jina la mtaani upande mwingine. Jina lisitangazwe kabla ya familia kujua na kuridhia. Waliopotea wawe na orodha yao peke yao, na wasihamishiwe kwa wafu kwa kukata tamaa.

Kwa waliokamatwa, saa za mwanzo ndizo zenye uzito. Andika saa na mahali, namba ya gari iliyowabeba, uelekeo wake, na majina mliyoweza kuyasikia wakipaza sauti. Kwa kawaida mtu anapaswa kufikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa 48, nchi nyingine zikiweka saa 24, na wakili hawezi kudai hilo wala kuiomba mahakama iamuru mtu aletwe mbele yake pasipo kujua alichukuliwa lini na nani. Mpelekee wakili au familia taarifa hiyo kabla ya kumpelekea mtu mwingine yeyote.

Picha na video zinasaidia, lakini pia zinaweza kumfunga mtu asiye na hatia. Piga mandhari kwanza, shikilia kamera bila kuisogeza kwa sekunde kumi, taja kwa sauti tarehe na mahali, kisha sogea taratibu. Nyuso za waandamanaji zifichwe kwenye nakala unayoisambaza, na nakala halisi ibaki bila kuguswa. Programu nyingi za ujumbe huifinya picha na kuondoa saa na mahali vilivyohifadhiwa ndani yake, hivyo umtumie wakili faili lenyewe kama waraka. Funga simu kwa namba ndefu ya siri badala ya alama ya kidole, kwani kidole kinaweza kushikwa kwa nguvu.

Usitegemee mtandao. Usiku wa kuamkia 28 Januari 2011 serikali ya Misri ilizima intaneti karibu nchi nzima, na ilirudi baada ya siku tano hivi. Andika namba za simu muhimu kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Jioni hiyohiyo, kabla hujasoma habari wala kuzungumza na wenzako, kaa uandike upya maelezo yako kwa mwandiko unaosomeka, uweke tarehe na saa ya kuandika. Yale ya kwanza, hata yakiwa na makosa, yasifutwe. Nakala moja ikae kwa mtu unayemwamini asiyeishi nyumba moja nawe.