Nywele za kipilipili: kuziosha, kuzichana na kuzituliza bila dawa wala pasi

Kila Jumamosi lazima akae mtu kwenye kiti changu cha saluni, avue kilemba, aseme, "Nywele zangu hazikui." Nami humuuliza: ulipokuwa unaweka dawa ya kunyoosha nywele, ulikuwa unaritachi, yaani kuipaka tena mzizini, baada ya muda gani? "Wiki 8 hivi." Kwa nini ulikuwa unarudi? Hapo ndipo anapocheka. Alirudi kwa sababu nywele mpya zilikuwa zimechomoza kule chini, zimejikunja, na dawa imebaki juu. Maana yake zinaota, wastani wa sentimita 1 na ushee kwa mwezi. Ila zinakatikia nchani kwa mwendo uleule zinaoota nao mzizini, ndiyo maana mwaka mzima unaziona zimegota usawa wa sikio.

Kwa hiyo hapa sifundishi kukuza nywele. Nafundisha kuzizuia zisikatike, na ukizizuia, hata kule kutimka kunapungua kwa sababu dawa ya yote mawili ni moja: maji, na mkono usio na haraka.

Kwanza ujue unahangaika na kitu gani. Kila unywele unatengenezewa mafuta yake na ngozi ya kichwa. Kwenye nywele zilizonyooka, mafuta hayo huteremka hadi nchani bila shida. Zetu zimejisokota kama springi, kila kona ni kituo, na mafuta yanaishia njiani. Ndiyo maana ncha zetu huwa kavu hata kama utosi unang'aa. Halafu juu ya kila unywele kuna magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Yakilala, nywele zinateleza na kung'aa. Yakinyanyuka, unyevu wa hewani unaingia unavyotaka, unywele unavimba, na kila mmoja unashika njia yake. Hiyo ndiyo timutimu inayokukuta kituoni wakati wa masika na ulitoka nyumbani umependeza.

Wateja wa siku hizi wanakuja na namba: "Mimi ni 4C." Namba hizo za kupanga nywele kwa mkunjo wake, 4C zikiwa zilizojisokota zaidi, zilianzia kwa Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, miaka ya 1990, na wengine wakaziongezea baadaye. Si mbaya, lakini haziniambii cha kufanya. Mimi hupuliza maji kwenye kishungi kimoja kikavu, kisafi, nikatazama. Matone yakikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, nywele hizo ni ngumu kupokea maji, zinataka maji ya uvuguvugu na mafuta mepesi. Maji yakizama mara moja, nazo zikakauka upesi, basi magamba yameharibika, mara nyingi kwa rangi au pasi, na hizo zinahitaji krimu nzito.

Andaa vitu hivi: shampuu isiyo kali, kondishena nyingi ya bei ya kawaida, mafuta ya nazi, chupa ya kupulizia maji, vibanio 4, chanuo la meno mapana, fulana kuukuu ya pamba na kofia ya satini. Vyote vinapatikana Kariakoo bila kutafuta chapa za nje.

Hatua ya 1: Mafuta kabla ya maji

Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, au angalau saa 1 kabla, paka mafuta ya nazi kuanzia katikati ya unywele hadi nchani. Vijiko 2 vya chakula vinatosha kichwa kizima. Unywele ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na kila mzunguko huo unaumega kidogo. Mafuta ya nazi yana uwezo wa kuingia ndani ya unywele, si kukaa juu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na yale ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini. Bibi zetu wa pwani hawakusubiri utafiti, lakini ni vizuri kujua.

Kama una mba, usipake kwenye ngozi. Fangasi wa mba wanapenda mafuta kuliko wewe.

Hatua ya 2: Gawanya, kisha osha

Mafungu 4, kila moja na kibanio chake. Nywele nzito, mafungu 6 au 8. Usioshe kichwa chote kwa pamoja kama unafua jamvi, utazikuta zimefungana vifundo.

Changanya shampuu na maji kwenye chupa, nusu kwa nusu, umimine kwenye ngozi, usugue kwa ncha za vidole, si kucha. Nywele zenyewe hazihitaji kusuguliwa. Povu linaloteremka linatosha. Wiki 1 hadi 2 ndiyo nafasi nzuri kati ya kuosha na kuosha. Sabuni ya mche iache kwenye karai la nguo. Ina alkali nyingi, na alkali ndiyo inayonyanyua yale magamba. Magadi vilevile, hata kama jirani amekuambia yanalainisha.

Sisi wa Dar tuna tatizo la ziada: maji ya kisima yenye chumvi. Unaweza kufuata kila hatua ukashangaa nywele bado zinakwaruza. Ukiweza, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya dukani. Lita 2 zinatosha ukimimina taratibu kwa kikombe. Ukikosa, kijiko 1 cha chakula cha siki kwenye nusu lita ya maji, mimina, subiri dakika 1, suuza tena. Harufu itaondoka zikikauka.

Hatua ya 3: Kuchana

Hapa ndipo vita inaposhindwa, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka jana aliingia binti aliyetoka kumaliza kidato cha nne. Miaka yote ya shule alikuwa ananyolewa, kama wengi waliosoma shule za serikali, kwa hiyo alikuwa na miaka 18 na hajawahi kuishi na nywele zake zaidi ya likizo moja.

"Shikamoo anti."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae. Unazichana na nini?"

Akatoa mkobani kichanuo cha meno yaliyobanana, matatu yameshavunjika. "Na hiki, asubuhi kabla sijatoka."

"Zikiwa kavu?"

"Ndiyo anti. Naanzia huku juu." Akagusa utosi.

Nikakishika kile kichanuo, nikachomoa nywele zilizokwama, nikaziweka kwenye kitambaa cheupe. Vipande vifupi, vimejikunja kama alama za mkato. Nikamwambia atafute ncha yenye kidoto cheupe. Hakuipata hata moja. Unywele uliodondoka wenyewe unatoka mzima, na mzizini una kidoto hicho cheupe. Kipande kifupi kisicho na kidoto kimekatwa. Fanya kipimo hiki leo, kabla hujanunua mafuta yoyote ya kukuza nywele.

Sasa namna ya kufanya. Nywele ziwe zimelowa na zimejaa kondishena mpaka ukizikamua kiganjani unasikia zinateleza kama mlenda. Fungua fungu 1 tu. Lichambue kwanza kwa vidole: ukikuta fundo, usilivute, lipanue kwa vidole gumba viwili kama unayefumua uzi uliojisokota kwenye cherehani. Shika fungu hilo katikati, kwa nguvu kidogo, ili mvuto usifike kwenye ngozi, halafu chana ncha tu, sentimita 3 za mwisho. Zikipita, panda sentimita 3 nyingine. Unatoka nchani kwenda mzizini, wala si kinyume. Ukisikia chanuo linatoa mlio wa "krr", simama, ongeza maji. Fungu likiisha, lisokote misokoto miwili, libane, uhamie jingine.

Kichwa cha yule binti kilinichukua dakika 50. Nywele zilizotoka zilijaa ganda la karanga, na nyingi zilikuwa na kidoto.

Hatua ya 4: Maji, krimu, mafuta

Suuza kondishena, lakini usikaushe. Gandamiza kwa ile fulana kuukuu. Taulo lina vitanzi vinavyokwaruza. Nywele zikiwa bado mbichi, paka krimu au kondishena kidogo ya kuacha, kisha matone machache ya mafuta juu yake. Mpangilio huo una maana. Mafuta hayalainishi nywele kavu, yanafungia kilichomo. Ukipaka kwenye nywele kavu, umefungia ukavu, halafu unalalamika kwamba zinang'aa lakini ukizishika ni kama katani.

Kwa anayetaka mikunjo ionekane, badala ya jeli ya dukani mimi hutumia bamia. Bamia 8, zikate vipande, chemsha kwa moto mdogo kwenye vikombe 2 vya maji hadi uone ute unavutika, kama dakika 15. Chuja ikiwa bado ya moto kupitia soksi ndefu nyembamba, maana ikipoa haipiti. Paka juu ya krimu, fungu kwa fungu, huku ukizikunja kwa kiganja. Inakaa kwenye friji wiki 1, ikinuka mwaga. (Mume wangu aliikuta kwenye friji akauliza mbona mboga haina chumvi.)

Glisarini nayo ni rahisi na nzuri, kijiko 1 cha chai kwenye kikombe cha maji ya kupulizia, ila inategemea hewa. Inavuta unyevu popote ulipo. Masika Dar, inavuta wa nje hadi nywele zinaumuka. Ukienda Dodoma kwenye upepo mkavu, inautoa ndani ya nywele. Ipunguze sehemu zote mbili.

Mayai na mayonesi siweki kichwani kwa mtu. Protini ya yai ni kubwa mno, haipenyi. Na niliwahi kumsuuza mteja yai kwa maji ya moto, likaiva. Nilichambua vipande vya yai kichwani mwa mama wa watu hadi magharibi, sikumtoza hata senti.

Hatua ya 5: Kukausha

Zikaushe kwa hewa zikiwa kwenye misokoto 8 hadi 12, na usizifungue mpaka zikauke kabisa. Kuzifungua mbichi ndiyo sababu kubwa ya timutimu kwa wale wanaosema "nimefuata kila kitu". Ukitaka zirefuke, suka kwa uzi mweusi kama tulivyosukwa utotoni, zungusha kuanzia mzizini hadi nchani, lala nazo. Asubuhi zimenyooka bila draya.

Hatua ya 6: Usiku na katikati ya wiki

Kofia ya satini, au foronya ya satini. Kanga ni nzuri kwa mengi, lakini ni pamba, inanyonya unyevu wote usiku kucha. Ukifunga kanga, tanguliza satini ndani. Katikati ya wiki puliza maji kidogo, sokota upya pale palipofumuka, basi. Usichane.

Ukitaka kusuka

Suka, ni mapumziko mazuri kwa nywele, mradi usizidishe wiki 6 hadi 8 na msusi asikukaze. Ukilala na panadol, au ukaona vipele vyeupe kwenye paji, si "zitalegea zenyewe". Rudi zifumuliwe siku hiyohiyo. Nikiwa bado najifunza kazi, niliwahi kumsuka mtu mtindo wa twende kilioni, wa kukaza, kwa sababu aliomba udumu, na kingo zake zilichukua karibu mwaka kurudi. Siku hizi mteja akisema "kaza", namwambia atafute saluni nyingine. Na mtu ambaye ngozi ya mbele imeshalainika na kung'aa, vitundu vya nywele havionekani, simpaki mafuta ya nyonyo kumpa matumaini. Namwelekeza kwa daktari wa ngozi, mapema, kabla kovu halijaziba.

Siku ya kufumua usiogope bonge litakalotoka. Mtu hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Wiki 6 ni siku 42, na zote zilikuwa zimenaswa ndani ya rasta. Zichambue zikiwa na kondishena kabla ya kugusa shampuu, la sivyo zitafungana kama kiota cha ndege.

Mkasi

Kila miezi 3 au 4 kata ncha, nusu sentimita. Mwenye dawa nusu na asilia nusu akate zaidi kidogo kila mara, kwa sababu pale zinapokutana ndipo zinapokatikia. Mkasi uwe wa nywele tu. Ule wa kukatia karatasi au vifungashio vya jikoni umeshabutuka, haukati bali unaponda, na ncha iliyopondwa inapasuka mara mbili kabla ya mwezi kwisha. Mimi wangu naufungia kwenye kibati cha biskuti, funguo naweka mwenyewe.