Kupandisha kiwango kidogo cha mkopo wa simu: ninavyowaelekeza wateja wangu Mwanjelwa, Mbeya

Mama mmoja muuza ndizi wa Igawilo alinijia kibandani asubuhi na mapema, akanipa simu nimwangalizie kiwango chake cha mkopo. Miaka mitatu anafanya biashara kwa laini hiyohiyo, na kiwango kimegoma kwenye shilingi 15,000. "Mwanangu, jirani yangu wanampa laki moja na nusu, na mimi ndiye ninayeuza zaidi yake. Nimekosa nini?"

Nikamwambia, "Mama, tuanze na jina." Tukapiga *106#. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtoto wa dada yake, aliyemsaidia kipindi kile cha kusajili kwa alama za vidole, maana yeye mwenyewe alikuwa hajapata namba ya NIDA. Kazi yote ya ile miaka mitatu, mikungu yote ya Tukuyu aliyolipia kwa simu ile, ilikuwa imeandikwa kwa mtu mwingine.

Mimi ni wakala wa pesa za simu, na swali la kiwango naulizwa kila wiki. Haya ndiyo ninayowaelekeza wateja, kwa mpangilio uleule ninaoufuata pale dirishani.

Hatua ya 1: Hakikisha laini ni yako

Piga *106# ufuate maelekezo, uone jina la usajili. Kama si lako, nenda duka la mtandao wako ukiwa na namba yako ya NIDA, na uongozane na yule aliyesajili ili umiliki ubadilishwe. Akiwa hapatikani, sajili laini mpya kwa jina lako na uhamishie biashara huko. Najua inauma kuanza upya, na namba ile wateja wako wameshaizoea. Lakini mkopeshaji anamhesabu aliyesajiliwa, na ukiendelea hivyo hivyo utakuwa unamjengea mwenzako.

Ukishaipata laini yako, tulia nayo. Mwenye laini nne, kila moja inapitisha vihela kidogo, huonekana mfanyabiashara mdogo katika zote nne.

Hatua ya 2: Pesa ya biashara ipite kwenye simu na ikae

Hapa ndipo wengi wanakwama. Mtu anauza gunia sita za viazi, analipwa kwa simu, na dakika kumi baadaye yuko dirishani kwangu anatoa zote. Mimi nalipwa kamisheni kwa kila anayetoa, ila bado namwambia asitoe zote. Laini inayojaa na kukauka saa ileile haionyeshi kwamba mwenyewe ana uwezo wa kubaki na hela.

Fanya hivi: toa ile unayohitaji mkononi tu. Mkulima wa Uporoto anayekubali kulipwa kwa simu, mlipe kwa simu. Nunua LUKU, lipa bili ya maji na vifurushi kwa laini hiyo. Kiasi kidogo kilale humo usiku. Na kama huduma yako inachanganya akiba na mkopo, kama M-Pawa iliyoanza mwaka 2014, weka akiba kila wiki hata iwe shilingi 2,000. Akiba yako nayo hutazamwa unapopangiwa kiwango.

Nimeona vijana wanaweka laki moja na kuitoa, wanaweka tena na kutoa tena, mara nane kwa siku, wakidhani wanaipa laini nguvu. Kinachotokea ni makato kuwala mtaji. Usijaribu.

Hatua ya 3: Kopa kwa kitu kinachorudisha hela

Wapo waliosikia kwamba ukikopa mara nyingi kiwango kinapanda, basi wanakopa hata siku ambayo hawana shida. Tupige hesabu. Tuseme kiwango chako ni 40,000 na ada ya mkopo ni asilimia 9. Kila ukikopa zote unalipa 3,600. Ukikopa na kurudisha mara sita ndani ya mwezi, umelipa 21,600, zaidi ya nusu ya hela yenyewe! Kiwango kinaweza kupanda kweli, lakini umekinunua kwa bei mbaya.

Mkopo mmoja kwa mwezi unatosha. Uchukulie mzigo unaoujua: mikungu unayoifuata Tukuyu Jumatatu na kuimaliza Jumatano, au debe za mchele wa Kyela ambazo mteja ameshaziagiza. Na usichukue kiwango chote kila mara. Mwenye 40,000 akichukua 25,000 anajiachia pumzi, na hata mzigo ukilala siku mbili hatababaika.

Hatua ya 4: Lipa kabla ya siku yake

Niseme yaliyonipata. Kiwango changu kilikuwa kimefika 150,000. Nikakopa, hela ya kulipa nikawa nayo tayari, nikajiambia nitalipa siku ya mwisho. Siku mbili kabla, tukapata msiba Kyela. Nani anakumbuka deni la simu kwenye matanga? Niliporudi Mbeya deni lilikuwa limepita siku nne. Nililipa siku hiyohiyo pamoja na faini, lakini kiwango kilishuka hadi 20,000, na kurudi pale kilipokuwa kulinichukua miezi minane. Siku nne tu!

Tangu hapo nina utaratibu ambao nawafundisha wote. Mkopo wa siku 30 unamalizwa siku ya 20. Siku unayokopa, andika tarehe ya 20 kwenye daftari la mauzo, juu kabisa ya ukurasa. Lipa kwa vipande, 5,000 leo na 5,000 keshokutwa, kadri mauzo yanavyoingia, kuliko kusubiri upate yote kwa mkupuo.

Kwa huduma kama Songesha, zinazokuongezea pale salio linapopungua ili muamala ukamilike, kuna jambo la kuangalia zaidi: hela yoyote inayoingia hukatwa kwanza kufidia deni. Mdogo wako akikutumia ada ya shule wakati unadaiwa, itaingia pungufu. Maliza deni hilo kwanza, ndipo umwambie atume.

Hatua ya 5: Kaa mbali na wanaokuharibia

Ukiwa na mikopo mitano kwenye programu tano, mmoja lazima utachelewa. Na hizo programu, angalia kama zina leseni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonya, nayo iogope. Benki Kuu inataka riba ya mkopeshaji wa daraja la pili, yaani anayekopesha bila kupokea amana za watu, isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa hiyo anayekuomba asilimia 20 kwa wiki anajua anachofanya.

Atakayekupigia akisema atakupandishia kiwango ukimtumia 10,000 ni tapeli. Kiwango hakinunuliwi, na namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata kwangu mimi wakala wako. Namba ya simu ya huyo tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Hatua ya 6: Subiri msimu, kisha uliza

Usipige huduma kwa wateja mwezi ambao biashara imelala. Huku kwetu hela inazunguka zaidi mavuno yanapoanza, mpunga na mahindi vikiwa sokoni. Acha miezi mitatu mizuri ipite kwenye laini, deni likiwa sifuri, ndipo upige 100 uombe kiwango kiangaliwe. Wakikujibu kwamba mfumo utapanga wenyewe, ni sawa. Endelea kama kawaida na uangalie kwenye menyu kila mwezi. Usiamini ujumbe wa maneno tu.

Wenye kadi ya mkopo ya benki, njia yenu inafanana ila huwa inahitaji karatasi. Nenda tawini na barua ya maombi, hati za mshahara za karibuni au taarifa ya akaunti ya miezi sita. Kama kadi yako imedhaminiwa na amana, kuongeza amana hiyo kunarahisisha maombi. Lipeni deni lote la mwezi, msiishie kwenye kile kiwango cha chini.

Na kama unahitaji milioni ya kununulia mzigo wa lori, simu si mahali pake. Ingia VICOBA au SACCOS. Vikundi vingi hukopesha hadi mara tatu ya ulichoweka, na hapo ukikwama kuna watu wa kuzungumza nao.

Yule mama wa Igawilo alisajili laini mpya. Miezi miwili ya kwanza hakukopeshwa hata senti, akawa ananinunia kila akipita. Mwaka ulipogeuka alikuja na simu yake, menyu ikaonyesha 180,000. Nikamuuliza atachukua zote? "Nitachukua elfu sitini," akasema, "mikungu ya wiki hii haizidi hapo."