Kuchagua distributa wa ngoma zako ukiwa Kigoma

Wasanii wengi wa huku wakitaka kupandisha ngoma Spotify na Apple Music swali la kwanza ni "distributa (kampuni inayokupelekea ngoma kwenye hizo app) gani bei chee?", mi naona bei ije baadae kabisa. Anza na hili: hela ikiingia utaitoaje ukiwa Mwanga, Ujiji au huko Kasulu? Maana kulipia kunawezekana, siku hizi hata kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inalipa, ila kutoa ndo watu wanakwama, unaona dola kwenye skrini na huzigusi. Kabla hujajisajili ingia kwenye ukurasa wao wa malipo uone kama wanatuma kwenye akaunti ya benki ya Tanzania au Payoneer (huduma ya mtandaoni ya kupokea hela za nje), na kiwango cha chini cha kutoa ni kiasi gani, na makato je. Kama njia ni PayPal peke yake achana nao tu, PayPal kwetu ni ya kulipia vitu, kupokea ni mtihani.

Hapohapo kwenye malipo utakutana na fomu ya kodi ya Marekani inaitwa W-8BEN, usiiruke. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani kwahiyo mapato yanayotokea kwa wasikilizaji wa kule yanaweza kukatwa 30%, ya kwingine hayahusiki, sasa usije ukadhani umeibiwa.

Pili, ukiacha kulipa ngoma inabaki au inashushwa? Hapa ndo tofauti kubwa ilipo. DistroKid unalipa kwa mwaka, dola 20 na kitu, unapandisha ngoma hata mia, lakini mwaka ukiisha hujalipa wanaweza kuzishusha, labda uwe umelipia ile nyongeza yao ya kuiacha ngoma hewani hata ukiacha kulipa, na hiyo unalipia kwa kila toleo. TuneCore nao mpango wao wa mwaka uko hivyohivyo. CD Baby unalipa mara moja kwa kila toleo, ngoma inakaa, ila wanakata 9% ya mapato. RouteNote wana mpango wa bure kabisa, wao wanachukua 15%. Kwahiyo kama wewe ni wa singo moja kwa mwaka kulipa kila mwaka ni kujitesa, lipa mara moja au nenda na wa asilimia. Kama una prodyuza home na unaachia kila mwezi hapo ya mwaka inalipa. Na ile stori ya "tunapeleka maduka 150", yaani app na tovuti za muziki, isikutoe udenda, mengi hayo hutokaa usikie mtu anayataja.

Cha kuuliza ni kama wanapeleka Boomplay (app ya muziki) na YouTube, maana wasikilizaji wetu wako huko, na wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, na majirani wa Burundi, ukiimba Kiswahili au Kiha wanakuelewa. Audiomack, app nyingine ya muziki, unaweza kupandisha mwenyewe bure bila distributa, Mdundo (tovuti ya kupakua ngoma) nao wanapokea msanii moja kwa moja. Ila ukishapandisha mwenyewe mahali, distributa mwambie asipeleke tena hapohapo, ngoma ikiwa mara mbili namba zinagawanyika. Spotify tangu 2024 ngoma isiyofikisha strimu (kusikilizwa) 1,000 ndani ya miezi 12 hailipwi na wao, so usiweke bajeti ya Spotify kwa ngoma ya kwanza jamani.

YouTube kuna kitu kinaitwa Content ID, kinakamata video za watu waliotumia ngoma yako na hela inakuja kwako. Distributa wengine wanakulipisha pembeni na bado wanakata (DistroKid ni 20%). Lakini kama biti umeichukua bure YouTube au umenunua ile leseni inayouzwa kwa watu wengi USIWASHE Content ID, utaanza kuwakamata wasanii wenzako wenye biti hiyohiyo, na mwenye biti akilalamika ngoma inashuka. Karatasi ya makubaliano na prodyuza, hata meseji ya WhatsApp ya asilimia, itunze. Kama mko wawili watatu kwenye ngoma tafuta distributa mwenye mfumo wa kugawa hela wenyewe kila mtu apate chake, itawaepusha ugomvi.

Vingine haraka haraka: faili iwe WAV sio mp3 ya WhatsApp, kava pikseli 3000 kwa 3000 isiyo na namba ya simu wala logo ya Instagram, wanakataa. Kama una ISRC (namba ya utambulisho ya ngoma) ya zamani itumie ileile ukihama distributa, strimu zako zisianze sifuri. Jina lako litafute kwanza Spotify, kama kuna mwenzako analo ngoma itaangukia kwenye profaili yake na kuitoa ni wiki kadhaa za barua pepe. Tarehe ya kuachia weka wiki tatu nne mbele, kuomba nafasi kwenye playlisti za Spotify inatakiwa angalau siku 7 kabla. Halafu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, sajili kazi yako pia na uwaulize hela za redio zinakusanywa na nani, maana distributa anakusanya hela za mtandaoni tu, redio za hapa mjini hazimhusu.

Na kabla ya kutoa dola hata moja waandikie swali kwa barua pepe, lolote lile, wakikaa kimya wiki nzima na bado hujawalipa, pita kwa mwingine.