Macho makavu yasiyopona: namna ya kuchagua dawa, hatua kwa hatua

Mgonjwa wa macho makavu mara nyingi haji kliniki kulalamikia ukavu. Anasema macho yanachoma, kama yana mchanga, na ikifika jioni hasomi meseji bila kupepesa kwanza. Wengine hububujikwa na machozi wakipanda bodaboda, na ukiwaambia macho yao ni makavu wanaona unawatania. Lakini ndivyo ilivyo. Uso wa jicho ukikauka, neva za konea, kile kioo cha mbele ya jicho, hushtuka, na tezi ya machozi humwaga maji mengi kwa mkupuo. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, hivyo hutiririka shavuni na jicho likabaki kavu vilevile.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye hali hiyo imemkaa kwa miezi. Kama jicho limeanza kuuma ghafla, uoni umepungua, mwanga unakuumiza au linatoa usaha, nenda hospitali leo. Na mtoto anayejikwaa magharibi ikiingia kwa sababu haoni vizuri gizani, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo: huenda amepungukiwa vitamini A. Tiba yake ni dozi kubwa ya vitamini hiyo, ikirudiwa kesho yake na tena baada ya wiki mbili. Matone pekee hayatamwokoa.

Hatua ya 1: Panga mezani dawa zote unazotumia sasa

Usinunue chupa mpya kabla hujafanya hivi. Weka pamoja dawa za kunywa na za machoni, kisha soma maboksi.

Upande wa vidonge, wakaushaji wakubwa ni dawa za aleji na mafua kama Piriton na setirizini, amitriptilini inayotolewa kwa usingizi, maumivu ya neva au sonona, na isotretinoini ya chunusi sugu. Baadhi ya dawa za presha nazo zimo. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa uamuzi wako. Mweleze aliyekuandikia kwamba macho yanakauka, aone kama kuna mbadala. Piriton ya kujinunulia kila usiku, hiyo unaweza kuanza kuiaga mwenyewe.

Upande wa chupa za machoni, tazama jina la kiambato, lile la maandishi madogo. Likiishia na *zoline*, hiyo ni dawa ya kubana mishipa ya damu ili jicho lionekane jeupe. Haitibu ukavu, na ukiizoea, wekundu hurudi kila dawa inapoisha nguvu, safari hii zaidi.

Likiishia na *sone* au *lone*, kama deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi, mara nyingi ikiwa imechanganywa na antibayotiki chupa moja. Hapa huwa mkali. Jicho lililowaka kwa wiki nzima linatulia kwa siku mbili, na mtu anaipenda dawa hiyo kuliko daktari wake. Kisha anaitumia miezi sita bila kupimwa, akimtuma mtoto dukani na boksi tupu kama kielelezo. Steroidi ya muda mrefu hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na presha hiyo haiumi inapopanda. Neva ya kuonea ikishakufa hairudi. Ukikuta umeitumia zaidi ya wiki chache, nenda ukapimwe presha ya macho wiki hii, na uwaache kliniki wakuelekeze namna ya kuipunguza.

Maziwa ya mama, maji ya majani ya chai na mkojo sivijadili. Acha.

Hatua ya 2: Jua kama umekosa maji au umekosa mafuta

Machozi yana ute unaoyashikiza kwenye jicho, maji katikati, na utando mwembamba wa mafuta juu unaozuia maji yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi zilizopangana kwenye kingo za kope. Wagonjwa wengi shida yao iko kwenye mafuta, wachache kwenye maji peke yake, na wengine wengi wana mchanganyiko. Mtu mwenye shida ya mafuta anaweza kumaliza katoni ya matone na asipate nafuu ya kueleweka.

Kliniki hutofautisha kwa vipimo rahisi. Kijikaratasi cha Schirmer huwekwa kwenye kope la chini kwa dakika 5. Kikilowa chini ya milimita 5, tezi ya maji imechoka. Kingine ni rangi ya njano inayong'aa kijani chini ya mwanga wa bluu: unapepesa, unakodoa, na mpimaji anahesabu sekunde hadi utando upasuke. Chini ya sekunde 10 si kawaida. Kisha anaibonyeza kope taratibu. Tezi nzima hutoa mafuta maangavu ya kutiririka. Tezi iliyoziba hutoa kitu kizito cheupe kama dawa ya meno, au haitoi kabisa.

Dalili nazo zinasema. Macho yanayosumbua zaidi asubuhi, kope zina magamba na nywele zake zimegandana, hapo nashuku kope zenyewe. Yanayozidi kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa mtu wa kompyuta au anayekaa chini ya AC, nashuku machozi hayatoshi au yanakauka haraka. Ndugu zetu walioko Muscat na Doha wanalijua hili vizuri. Kinywa nacho kikiwa kikavu kiasi kwamba ugali haushuki bila maji, na viungo vinauma, omba uchunguzwe ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate, au baridi yabisi. Hapo jicho ni mjumbe tu.

Hatua ya 3: Anza na machozi bandia, na uyatumie kwa saa maalumu

Haya hayahitaji cheti cha daktari. Mepesi ni kama hipromelosi na kaboksimethiliselulosi ya asilimia 0.5, hayatii ukungu, yanafaa mchana. Sodiamu hayaluroneti hukaa muda mrefu kidogo. Jeli, mfano kaboma, ni nzito zaidi. Usiku kuna dawa ya tyubu yenye mafuta ya parafini, ambayo hufanya uoni uwe wa ukungu, kwa hiyo ipake ukishazima taa, si kabla ya kuendesha gari. Kama kope zako zina shida ya mafuta, tafuta matone yaliyoandikwa kwamba yana lipidi.

Kosa la wengi ni kusubiri jicho liwake ndipo watie. Tia mara nne kwa siku, kwa saa ulizopanga, hata ukijisikia vizuri, kwa mwezi mzima. Bei ikikubana, chupa ya kawaida ya hipromelosi inayotumika bila kukosa ina faida kuliko chupa ya bei kubwa unayoibania.

Ila ukijikuta unatia zaidi ya mara nne hadi sita kwa siku, angalia kihifadhi. Kwenye boksi tafuta neno linaloanza na *benzalk*. Kemikali hiyo huua vijidudu ndani ya chupa, lakini ikirudiwarudiwa huchubua uso wa jicho lilelile unalolitibu. Wanaotumia matone ya glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho) kila siku wanaipata kwa wingi tayari. Watu hawa wahamie kwenye dawa isiyo na kihifadhi: vichupa vidogo vya plastiki vya kutumia mara moja, au chupa yenye vali maalumu isiyorudisha hewa chafu ndani.

Dawa isiyo na kihifadhi inadai usafi wa hali ya juu tangu kiwandani. Mwaka 2023 huko Marekani machozi bandia ya EzriCare, yasiyo na kihifadhi, yaliyotengenezwa India, yalihusishwa na bakteria aina ya Pseudomonas. Walioambukizwa walikuwa 81 katika majimbo 18. 14 walipoteza uoni, 4 waliondolewa jicho, na 4 walifariki. Hivyo usinunue matone yaliyofunguliwa, yasiyo na lakiri, au ya kuuzwa mkononi. Dawa iwe imesajiliwa, na TMDA kwa Tanzania, na Pharmacy and Poisons Board kwa Kenya. Ukishafungua chupa ya kawaida, andika tarehe kwa kalamu na uitupe baada ya wiki nne, isipokuwa karatasi yake imesema vingine.

Hatua ya 4: Itie ndani ya jicho, si shavuni

Mwambie mgonjwa akuonyeshe anavyotia dawa, utashangaa. Bibi mmoja fundi cherehani alinyanyua chupa juu kabisa, akaminya matone matatu mfululizo, mawili yakaishia kwenye kitenge. "Bibi, moja linatosha," nikamwambia. Akanijibu, "Moja nalisikia, mwanangu, ila silioni likifanya kazi."

Nafasi iliyopo nyuma ya kope la chini haibebi hata tone zima la chupa nyingi. La pili linaosha la kwanza. Nawa mikono. Kaa au lala, tazama juu, vuta kope la chini litengeneze mfuko mdogo. Shikilia chupa karibu bila kugusa jicho wala nywele za kope, achia tone moja. Funga jicho bila kulikaza, bonyeza kwa kidole pembe ya karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kama mkono unatetemeka, egemeza kiganja kwenye paji la uso. Dawa ikiwa zaidi ya moja, pisha dakika 5 kati yake, na ya tyubu iwe ya mwisho.

Hatua ya 5: Tibu kope

Kama hatua ya 2 ilionyesha tezi zimeziba, hii ndiyo tiba yako kuu. Kitambaa safi, maji ya moto yanayovumilika kwenye kifundo cha mkono, kamua, weka juu ya macho yaliyofungwa kwa dakika 10. Kitambaa hupoa upesi, kwa hiyo kichovye upya kila baada ya dakika moja au mbili. Cha uvuguvugu hakiyeyushi kitu. Kisha sugua kope taratibu kuelekea kwenye ukingo wake: la juu kushuka, la chini kupanda. Malizia kwa kusafisha kingo kwa shampuu ya mtoto iliyozimuliwa. Kila siku, mwezi na zaidi.

Isipotosha, daktari anaweza kuandika doksisaiklini kwa wiki kadhaa, si kwa ajili ya kuua bakteria tu bali kutuliza uvimbe wa tezi. Imeze na glasi nzima ya maji na usilale mara moja, la sivyo itachoma koo la chakula. Jua nalo litakuunguza upesi. Mjamzito na mtoto mdogo hawapewi. Wengine huandikiwa azithromaisini kwa muda mfupi.

Hatua ya 6: Dawa za kutuliza uvimbe, na subira yake

Ukavu wa muda mrefu ni uvimbe pia: chembe za kinga hushambulia tezi na uso wa jicho. Matone ya siklosporini hushika mzizi huo. Restasis, ya asilimia 0.05, iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 na hutiwa mara mbili kwa siku. Ikervis, ya asilimia 0.1, ilifuata Ulaya mwaka 2015, mara moja usiku. Zote huchoma mwanzoni, na faida huja baada ya miezi mitatu hadi sita. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema haifanyi kazi. Ukijua hutaweza kusubiri, usiianze, utapoteza pesa.

Kuvuka kipindi hicho, daktari anaweza kukupa steroidi nyepesi kwa wiki mbili hadi nne pamoja nayo, akipima presha. Hapo steroidi ina mahali pake.

Lifitegrasti (Xiidra, 2016) huwahi kidogo, ila huacha ladha mbaya mdomoni. Tyrvaya ya 2021 hupulizwa puani kuamsha neva ya machozi, na watu hupiga chafya. Miebo ya 2023 huzuia machozi yasikauke, mara nne kwa siku. Japani wana dikwafosoli tangu 2010. Kwa wengi wetu hizi ni za kuagiza, kwa hiyo uliza kwanza kama chupa ya pili itapatikana kabla ya kufungua ya kwanza.

Hatua ya 7: Bado?

Kuna vizibo vidogo vya kuziba tundu linalopeleka machozi puani, lakini uvimbe utulizwe kwanza. Wenye Sjögren hunufaika na vidonge vya pilokapini, wakivumilia jasho. Hali mbaya sana, mfano baada ya Stevens-Johnson, ule mzio mkali, mara nyingi wa dawa, unaochubua ngozi na macho, huhitaji matone ya seramu (maji ya damu) ya mgonjwa mwenyewe, kwenye hospitali kubwa.

Vidonge vya omega-3 vinauzwa kwa maneno mengi. Jaribio la DREAM la 2018, kwa wagonjwa 535, lilikuta miligramu 3,000 kwa siku hazikushinda mafuta ya zeituni. Kula dagaa na samaki wako kama kawaida.

Rudi kliniki wiki ya sita ukiwa na chupa zako, hata zilizoisha. Anayevaa lenzi za machoni azivue kabla ya kutia dawa yenye kihifadhi na asubiri dakika 15 kabla ya kuzirudisha. Kabla ya siku hiyo ukipata maumivu makali au doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho, usingoje miadi.