SOMO: Kurudi kwenye tizi baada ya kuugua, na maswali ya wadau

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Toka mvua ziishe hapa Dodoma watu kibao kwenye jogingi yetu wamelala kitandani, huyu nimonia, yule malaria, mwingine katoka kufanyiwa opresheni, na karibu kila anaepona akirudi anauliza "nianze na kilomita ngapi?" Kilomita zitakuja baadae. Kwanza tujue mwili wako wa leo unabeba nini, na hilo hulijui ukiwa barabarani umechangamka na wenzio, unalijua kesho yake asubuhi ukiamka. Shikeni hapo, hatua zote chini zinatoka hapo.

HATUA YA 1: Maliza dozi, halafu uliza vizuri
Ukiwa na homa hakuna mazoezi, hata ya kunyoosha viungo. Homa na mazoezi pamoja vinauelemea moyo na kuna magonjwa ya virusi yanashambulia msuli wa moyo wenyewe, sio kitu cha kujaribu. Ukienda kliniki usikubali kuambiwa tu "pumzika" ukaondoka. Uliza: nisinyanyue kitu cha uzito gani, mpaka lini, na hizi dawa zina shida gani na mazoezi? Hili la dawa watu hawaliulizi kabisa. Mfano sipro, ambayo wengi mnapewa kwa taifodi au UTI, inaweza kudhoofisha mishipa migumu inayoshika msuli na mfupa, hasa ule wa nyuma ya kisigino, na shida inaweza kutokea hata baada ya dozi kuisha. Sasa mtu kamaliza sipro juzi leo anaruka kamba.

HATUA YA 2: Pima mapigo kabla hujatoka kitandani
Vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, chini kidogo ya mkunjo wa kiganja. Usitumie dole gumba lenyewe lina mdundo wake litakuchanganya. Hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili, andika kwenye daftari au kwenye simu. Mtu mzima akiwa ametulia mara nyingi ni kati ya 60 na 100, ila namba inayokuhusu ni ya kwako, kwa hiyo pima kama wiki hivi uijue kawaida yako ndo uanze.

HATUA YA 3: Tembea
Ndio, kutembea, hata kama mwaka jana ulikuwa unapanda Mlimwa bila kusimama. Dakika 10 sehemu ya tambarare, mitaa ya Kisasa au zungukia Nyerere Square, milima iache kwanza. Mwendo uwe ule ambao unaweza kuongea sentensi nzima na mwenzio ila kuimba huwezi. Ukianza kuongea neno moja moja unahema, punguza, hata kama unaona aibu watu wanakupita.

Toka mapema saa kumi na mbili na nusu kukipambazuka, maana saa tatu jua la hapa limeshakuwa kali. Na hewa yetu kavu inadanganya sana, jasho linakauka kabla hujaliona, unasema sijatoka jasho leo, ukivua tisheti nyeusi unakuta mistari myeupe ya chumvi mgongoni. Hayo ni maji yamekutoka hayo, kunywa. Siku ya upepo wa vumbi mtu aliyetoka kuumwa kifua atembee ndani ya ua au apumzike kabisa.

HATUA YA 4: Asubuhi ya kesho (hii ndo yenyewe)
Ukiamka pima tena. Mapigo yakiwa juu ya kawaida yako kwa 10 au zaidi, au umelala vibaya, au maumivu yameongezeka kuliko jana, jana ulizidisha hata kama ulijiona freshi. Pumzika siku hiyo, ukirudi fanya nusu. Ukiamka vizuri mara mbili tatu mfululizo, ongeza dakika 5. Na ongeza kitu kimoja tu kwa wakati, ukiongeza muda usiongeze mwendo, ukiongeza mlima punguza muda. Mbio ziwe za mwisho, kimbia dakika moja tembea mbili, sababu pumzi inarudi haraka kuliko mishipa ya miguu na watu wengi wanaumia wiki ile ile wanayojisikia wamepona.

HATUA YA 5: Nguvu
Skwati za kukaa kwenye kiti na kuinuka, pushapu za ukutani. Huna vyuma chukua dumu la lita 5, likijaa maji ni kilo 5. Unaponyanyua toa pumzi, usiibane, kubana pumzi kunapandisha presha ghafla.

Na nyie viongozi wa jogingi nawaomba sana, aliyetoka kuumwa msimpigie kelele za "kaza kaza". Mpeni mtu wa kutembea nae nyuma. Mtu akibanwa kifua, kizunguzungu, moyo kwenda hovyo, au mguu mmoja ukavimba na kuuma baada ya opresheni, hapo ni hospitali muda huo huo, sio kesho.

MASWALI

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu nilimaliza sipro wiki mbili zilizopita, sasa kisigino nyuma kinauma nikiamka. Nichue na dawa ya kuchua niendelee?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Acha kukimbia na kuruka kuanzia leo, usichue, rudi kwa daktari umwambie ulikunywa sipro. Mshipa ule ukikatika ni miezi mingi nje.

Mama K: Nimejifungua kwa upasuaji, mwezi wa pili sasa, nataka kukata tumbo, nianze sitapu?
Jibu: Hongera mama K. Sitapu bado. Kapimwe kwanza mshono, kisha lala chali inua kichwa kidogo, ukiona katikati ya tumbo panatokeza kigongo mwambie daktari au mtaalamu wa viungo. Kwa sasa tembea, na fanya zoezi la kukaza misuli ya chini kama unazuia mkojo, sekunde 5 unaachia. Usifanye ukiwa unakojoa.

Mzee wa Area C: Mimi natumia atenolo ya presha, mapigo hayapandi hata nikitembea sana. Nafuata nini?
Jibu: Shikamoo mzee. Hiyo dawa inashusha mapigo kwa hiyo namba zitakudanganya, wewe fuata kipimo cha kuongea cha hatua ya 3, na usiache dawa kwa sababu ya mazoezi. Siku ukipima presha ukakuta imefika 180 kwa 110 usitoke, nenda hospitali.

Dada wa Chang'ombe: Malaria ilinishusha damu, nakunywa sana juisi ya rozela, inatosha nianze kukimbia?
Jibu: Rozela haitoshi dada. Pima wingi wa damu (HB), mwanamke akiwa chini ya 12 bado ana upungufu, tembea tu kwanza. Kula maharage, dagaa, nyama ukipata, na ubuyu au limao pembeni maana vinasaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai usinywe na chakula, inayazuia, kunywa baada ya saa moja au mbili.

Kijana wa soko la Majengo: Mie nabeba mizigo kutwa, nilipasuliwa ngiri, jioni naenda jimu. Kuna shida?
Jibu: Ile kazi ni mazoezi tayari tena ya vyuma. Daktari amekuruhusu kubeba? Kama bado, omba bosi akuweke kwenye kupanga au kuuza. Ukiruhusiwa anza na mizigo midogo, na siku uliyobeba usiende jimu, jioni tembea dakika 10 ulale, asubuhi upime.