Silindri moja inachoma kuliko zingine? Usiitoshe kwanza

Kwa moteri ya ndeke, joto ya silindri ya tatu iko digrii 215 za Selsiasi, zingine zinacheza kwa 185, na mutu tayari ameshika ufunguo. Ngoja kwanza ndugu yangu! Ukitosha silindri yenye haina kosa, boruti zikakazwa vibaya, inaweza kuachia mukiwa juu.

Nasemea ndeke kama Cessna 206 yenye moteri ya Continental, mustari mwekundu wake ni digrii 238. Badilisha sondi za joto, ya tatu peleka kwa ya tano, rusha tena. Joto ikihama na sondi, sondi ndiyo inadanganya. Na uangalie, sondi ya kukaa chini ya buji inasoma juu kuliko ile ya kuingia ndani ya silindri.

Ikibaki palepale, fungua kapo, kile kifuniko cha moteri, upapase ile mipira ya kuzuia mupepo, moja ikikunjika nyuma mupepo unapita pembeni badala ya kupita kati ya mapezi ya silindri, na hapa Luano, uwanja wa ndeke wa Lubumbashi, tuko karibu metre 1,300, mupepo ni mwepesi, hauna wa kupoteza. Angalia pia bomba ndogo ya esansi kama imeziba nusu.

Sasa kompresiyo. Moteri iwe ya moto, magineto zote (zenye kupatia buji moto) zimezimwa, pistoni juu kabisa supapu zote zikiwa zimefunga, na mutu mwenye nguvu ashike elisi, tena asimame pembeni, juu ile presha inaweza kuizungusha imukate. Ingiza mupepo wa presha 80 psi kwa tundu ya buji, usome ile saa ingine ya presha, yenye kuonyesha presha yenye silindri imeshika. Ikisoma 58 usikimbilie namba, SIKILIZA: mupepo ukilia kwa bomba ya moshi ni supapu ya kutosha moshi, ukilia kwa njia ya kuingiza hewa ni ile ingine, ukipumua kwa kifuniko cha mafuta ni segma za pistoni. Segma kulika huku nashuku vumbi yetu nyekundu ya kiangazi kwanza, kwa hiyo kagua filtre ya hewa, na uulize rubani anaongeza mafuta mara ngapi.

Ikiwa ni segma peke yake, rusha saa moja upime tena, mara nyingi namba inapanda. Lakini supapu usiiachie: ingiza kamera ndogo kwa tundu ya buji uangalie uso wake. Rangi ikiwa sawa pande zote, duara ndani ya duara, iko muzuri. Ukiona upande mumoja wa ukingo umegeuka kijani kama mwezi mwandamo, imeanza kuungua, hiyo sasa shika ufunguo.