Kupoza chumba cha bati kwa feni moja bila kumaliza yuniti

Dar es Salaam, kaskazi linapovuma kati ya Desemba na Machi, malalamiko mengi ninayopokea kama fundi umeme yanafanana: "Fundi, feni inazunguka lakini joto liko palepale." Nikifika, feni mara nyingi ni nzima. Shida ni mahali ilipowekwa na saa inayowashwa.

Kwanza tuelewane. Feni haipozi hewa, inapoza ngozi yako kwa kukausha jasho. Mota yake yenyewe inaongeza joto kidogo chumbani, kwa hiyo kuiacha inazunguka wakati hakuna mtu ni kuchoma umeme bure. Chumba cha bati kilichopigwa jua kutwa, ukikifunga ukawasha feni, unazungusha lile lile joto la darini. Linatakiwa litoke nje kwanza.

1. Tafuta hewa inaingilia wapi

Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kusi hutoka upande wa kusini. Lakini mitaa yetu imebanana, na ukuta wa jirani unaweza kugeuza upepo kabisa. Jioni, shika kipande cha tishu kwenye kila dirisha. Kinaposukumwa ndani, hapo ndipo hewa inaingilia. Kinapovutwa nje, hapo ndipo pa kutolea joto. Rudia msimu ukibadilika.

2. Osha wavu wa mbu

Watu wengi hawaugusi tangu nyumba ijengwe. Vumbi likichanganyika na mafuta ya jikoni huziba matundu, na dirisha linakuwa wazi kwa macho tu. Brashi laini na maji ya sabuni vinatosha. Futa na mapanga ya feni pamoja na kava lake, ukiwa umechomoa waya ukutani.

3. Toa joto kabla ya kulala

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Jua likishazama, toka nje usimame kidogo. Ukihisi nje kuna nafuu kuliko ndani, anza.

Chukua feni ya kusimama, igeuze itazame nje kwenye dirisha la kutolea. Usiibane dirishani, irudishe nyuma kama hatua moja, kwa sababu mkondo wake ukipata nafasi huburuta na hewa ya pembeni, ikatoka nyingi zaidi. Fungua dirisha la kuingizia, funga mengine, weka spidi ya juu. Chumba kikiwa na dirisha moja, mlango unaotazama korido au sebule ndio uwe wa kuingizia.

Rudi na tishu yako kwenye dirisha la kuingizia. Ikilalia ndani, umepatia. Ikiwa imetulia tu, sogeza feni mbele au nyuma mpaka uone mabadiliko. Iache ifanye kazi saa nzima, hata zaidi kama kuta ni za tofali za saruji, maana hizo huendelea kutema joto hadi usiku.

Tahadhari moja, na naomba uizingatie: feni inayotoa hewa nje huvuta hewa nyingine kutoka popote inapoipata. Kama kuna jiko la mkaa linawaka kwenye korido au barazani, itakuletea gesi ya kaboni monoksidi chumbani. Haina harufu na inaua. Zima jiko kwanza, au liweke mbali kabisa.

4. Ukilala, igeuze ikuelekee

Neti hupunguza sana upepo. Isogeze feni karibu na kitanda, usawa wa godoro, ipulize kutoka miguuni. Hakikisha neti haifiki kwenye kava. Kwa ukaribu huo spidi ya chini inatosha.

5. Kagua panga boi

Ukisimama chini yake, upepo unatakiwa ukushukie. Kama mapanga yanazunguka na huhisi kitu, huenda mzunguko umegeuzwa, jambo linalotokea nyaya zikiungwa vibaya. Mapanga yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni. Likizunguka polepole huku linaunguruma, mara nyingi kapasita (kifaa kidogo kinachosaidia mota kuzunguka) imechoka. Mwambie fundi aweke yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani; kubwa zaidi inaweza kuunguza mota.

Hesabu ya LUKU

Feni ya wati 60 ikiwaka saa 8 inakula karibu nusu yuniti. Kwa mwezi ni kama yuniti 15, na mwenye mita ya D1 (kundi la TANESCO la matumizi madogo), anayejibana asivuke yuniti 75 kwa mwezi, anaweza kuimudu. Kiyoyozi kinachovuta wati 1,200 humaliza nusu yuniti hiyo kwa dakika 25 za kufanya kazi mfululizo. Kama unacho, kiweke nyuzi 26 uwashe na feni. Utajisikia vizuri bila kukishusha hadi 20.

Ukienda dukani kununua mpya, soma wati kwenye kibandiko kabla ya kuuliza bei. Zipo feni za mota ya DC zinazovuta takriban nusu ya umeme wa zile za kawaida. Bei yake iko juu, lakini kwa nyumba inayotegemea betri na sola ningechukua hiyo.